Mkaa wa Kilosa si kaboni ya tangi la samaki

Gunia la mkaa likisimama kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa, upande wa Mikumi, mnunuzi hutazama mambo mawili: limefungwa lumbesa kiasi gani, na mkaa ni wa mti gani. Akiridhika analipa, anapakia na safari inaendelea. Hakuna anayeuliza kipande kimoja kina vishimo vingapi ndani yake.

Katika maduka ya samaki wa mapambo Dar es Salaam au Nairobi mambo ni kinyume. Huko kitu cheusi kinachofanana na mkaa huuzwa kwa gramu, ndani ya boksi lenye picha ya samaki wa rangi, na mteja halipii uzito wala mti. Analipia vishimo. Bidhaa hiyo ni mkaa amilifu, ambao wachenjuaji wa dhahabu kule Geita na Chunya wanauita kaboni tu. Ukurasa huu utatumia jina hilo fupi.

Tofauti ya bei kati ya vitu hivi viwili ndiyo inayowatia watu tamaa. Hoja yenyewe ni rahisi kuieleza kwenye meza ya chai: Kilosa ina mkaa, mji una matangi ya samaki, basi mtu wa Vidunda au Mikumi anunue magunia kadhaa, auponde, auchekeche, aufungashe vizuri na kuuza kama chujio. Hoja inazidi kupata nguvu kwa kuwa soko la mkaa wa kupikia limeanza kubanwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwenye tanuri la mkaa ana haki ya kujiuliza atauza nini baada ya hapo.

Jibu fupi kwa mwekezaji mdogo ni kwamba hesabu hii haifungi. Jibu refu linahitaji tueleze kaboni ni nini hasa, kwa sababu wanaouza na wanaonunua wengi wamejaza vichwani imani ambazo zinawagharimu fedha, na wakati mwingine zinawagharimu samaki.

Kinacholipiwa ni nini

Mkaa wa kawaida huchomwa katika tanuri la udongo. Kuni hukaushwa kwa moto usio na hewa ya kutosha, kwa joto la kiasi cha nyuzi 400 hadi 500. Maji, moshi na sehemu kubwa ya lami hutoka. Hubaki kaboni na majivu. Mkaa huo una vishimo, maana mti wenyewe ulikuwa na mirija, lakini vingi vimezibwa na mabaki ya lami na vilivyo wazi ni vikubwa mno kwa kazi tunayoizungumzia.

Kutengeneza kaboni ni kuanza pale mchoma mkaa alipoishia. Mkaa hurudishwa katika tanuru la kiwandani, ukapashwa hadi nyuzi 800 au 1,000, na mvuke wa maji ukapitishwa ndani yake. Mvuke huo unakula sehemu ya mkaa wenyewe na kuacha vishimo vidogo visivyohesabika. Njia nyingine ni kuloweka unga wa mbao katika asidi ya fosfori kisha kuupasha kwa joto la chini kidogo. Kwa njia yoyote, gramu moja ya kaboni hutoka ikiwa na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500. Uwanja wa mpira wa miguu una takriban mita za mraba 7,000. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula cha kaboni nzuri kinabeba uwanja mzima.

Eneo hilo ndilo linalofanya kazi. Kaboni haifyonzi uchafu kama sifongo, wala haichuji kama kitambaa cha tui. Chembe za rangi, harufu na dawa zilizoyeyuka katika maji hunata kwenye kuta za vishimo, basi. Kuta zikijaa, kazi imekwisha.

Ujuzi huu si mgeni. Mwaka 1785 mkemia Tobias Lowitz, aliyefanya kazi St. Petersburg, aligundua kwamba unga wa mkaa huondoa rangi katika vimiminika. Katika karne ya 19 viwanda vya sukari vya Ulaya vilitumia mifupa iliyochomwa kupata sukari nyeupe. Wasomaji wetu wa Kidatu wanaoishi jirani na viwanda vya Kilombero watafahamu kwamba sukari ya kahawia haihitaji hatua hiyo. Raphael von Ostrejko alipata hataza za kuamilisha mkaa mwaka 1900 na 1901, na Vita Kuu ya Kwanza ikaleta vinyago vya kujikinga na gesi vilivyojazwa kaboni. Kutoka hapo ikaingia kwenye maji ya kunywa, dhahabu, na hatimaye kwenye tangi la kioo sebuleni.

Imani inayoua samaki

Mfugaji wa samaki wa mapambo akiona maji yamebadilika kuwa ya manjano kama chai nyepesi, akaweka kaboni, kesho yake maji yanang'aa. Hapo ndipo anapoamini kwamba kaboni imesafisha kila kitu. Katika imani zote tutakazozitaja, hii ndiyo ya hatari kuliko zote.

Sumu kubwa katika tangi haina rangi wala haionekani. Ni amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua yake usiku na mchana, na ambayo pia hutoka katika chakula kilichobaki na kuoza. Kaboni haiinasi amonia kwa kiasi cha maana. Haiinasi nitriti wala nitrati pia. Kinachoondoa amonia ni bakteria wanaoishi kwenye sifongo, changarawe na kuta za tangi. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali sana na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Hakuna boksi la kaboni linalofupisha muda huo.

Kwa mfanyabiashara wa samaki wa Kigoma jambo hili ni fedha taslimu. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na biashara ya kuwasafirisha nje ilianza kupata sura mapema miaka ya 1970 kupitia Bujumbura, alikokuwa Mbelgiji Pierre Brichard. Maji ya ziwa hilo ni ya nyongo nyongo, yaani ya alkali, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 8.5 na 9, na samaki wake hutunzwa katika maji ya namna hiyo hiyo.

Sasa tazama. Katika maji yenye pH 7, chini ya asilimia moja ya amonia yote huwa katika umbo lile linaloua. Katika pH 9, kwenye joto la kawaida la tangi, ni zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekistahimili, samaki wa Tanganyika kinamwua.

Basi chukua mfano wa mchuuzi aliyeshusha samaki Dar es Salaam wakisubiri ndege, akawajaza katika matangi mapya na kutegemea kaboni. Maji yatakuwa meupe kama ya chupa. Mnunuzi atayasifu. Samaki watapanda juu wakihema, na asubuhi mtaji utakuwa unaelea. Hapo wengi husema kaboni ilikuwa feki. Inawezekana ilikuwa nzuri kabisa, ila ilipewa kazi isiyo yake. Anayetaka msaada wa haraka dhidi ya amonia katika maji baridi atafute zeolaiti, jiwe linaloinasa amonia, na awafungishe samaki njaa siku moja au mbili kabla ya kuwafunga kwenye mifuko ya plastiki. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya safari.

Inavyoweza na isivyoweza

Kazi ambayo kaboni inaifanya vizuri ni hizi: kuondoa rangi ya manjano inayotokana na majani na magogo, kuondoa harufu, kuondoa klorini ya maji ya bomba, na kuondoa mabaki ya dawa baada ya samaki kutibiwa. Hii ya mwisho ina upande wa pili ambao wauza dawa hawausemi kila mara. Ukitia dawa huku kaboni imo kwenye chujio, kaboni itainasa dawa na utakuwa umemtibu mkaa badala ya samaki. Itolewe kwanza, dawa imalize siku zake, kisha irudishwe kusafisha.

Kwa klorini kuna njia isiyo na gharama. Maji ya bomba yakiachwa wazi kwenye ndoo usiku kucha, klorini huondoka yenyewe. Haiondoki hivyo kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia. Kaboni huivunja kloramini polepole, lakini amonia iliyokuwamo inabaki majini, na tumekwisha kuona inafanya nini.

Hapa inafaa kuingiza samaki wa Kilosa mwenyewe, maana wasomaji wachache wanajua kwamba wilaya hiyo ina jina katika matangi ya Ulaya. Mwaka 1977 mtaalamu wa samaki Wildekamp alimwelezea samaki mdogo wa bonde la Wami, upande wa Kimamba, na kumpa jina la kisayansi Nothobranchius steinforti. Anaishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka samaki hufa wote, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope kavu hadi mvua nyingine. Wafugaji wa nje hutumiana mayai hayo yakiwa ndani ya udongo wa mboji wenye unyevu kidogo, jambo ambalo gharama yake ya usafiri haifanani hata kidogo na mfuko wa lita kadhaa za maji wenye samaki hai.

Samaki wa madimbwi hana shida na maji yenye rangi. Rangi ile ya chai inatokana na mimea inayooza na kwake ni mazingira ya nyumbani. Mwenye kumfuga akaminya kaboni kila wiki ili maji yapendeze, anajipendezesha mwenyewe. Si kosa, ila asidhani anamsaidia samaki. (Anayefikiria kwenda Kimamba na wavu akumbuke kuwa samaki wa mapambo nao wamo ndani ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009, leseni kwanza.)

Kutapika, kuchemsha na mengineyo

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba kaboni ikijaa hutapika sumu zote kwa mkupuo. Wauzaji wanaipenda sana imani hii kwa sababu inamrudisha mteja dukani kila mwezi. Ukweli ni wa katikati. Kilichonata kinaweza kuachia kidogo pale hali ya maji inapobadilika sana, kwa mfano pH ikishuka ghafla au kitu kingine chenye kunata zaidi kikichukua nafasi. Lakini mkupuo ule unaosimuliwa, wa tangi zima kuuawa usiku mmoja na kaboni iliyoshiba, si kawaida yake. Kaboni iliyojaa kwa kawaida inabaki ilivyo, haifanyi kazi, na bakteria wanapanga humo.

Kwa sababu hiyo hiyo si busara kuitupa yote kwa siku moja katika tangi dogo ambalo halina sifongo la maana. Ukiitupa unawatupa na wapangaji, na amonia inaanza upya.

Wapo pia wanaoamini kwamba kaboni iliyochoka inafufuliwa kwa kuchemshwa, kwa kuokwa katika jiko la mkate, au kwa kuanikwa juani. Jua la Mikumi ni kali, lakini halifiki nyuzi 100, achilia mbali 800. Kuchemsha kunasafisha vumbi na kuua baadhi ya wapangaji. Oveni inakausha maji. Kilichonata ndani ya vishimo kinabaki palepale. Viwanda hufufua kaboni kwa kuirudisha katika tanuru lenye joto la namna ile ya kwanza, na kila safari sehemu fulani huungua na kupotea. Kwa mtu wa tangi moja, au hata matangi 50, gharama ya kununua mpya ni ndogo kuliko ya kujaribu.

Kuhusu madai kwamba kaboni inakomba madini yote na kuua mimea ya tangini, nayo yametiwa chumvi. Ugumu wa maji, chumvi na kalisi hupita bila kuguswa. Baadhi ya madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, hasa yaliyofungamana na viumbehai vilivyooza, hupungua. Kubadilisha maji kila wiki kunayarudisha.

Dai moja linastahili heshima zaidi. Kwa miaka mingi wafugaji wa samaki wa baharini walilalamika kwamba kaboni huwatia samaki vidonda vya kichwani na kwenye mstari wa ubavu, na wengi tuliwasikia wakichekwa. Mwaka 2011 Jay Hemdal wa bustani ya wanyama ya Toledo, Marekani, pamoja na Odum, walichapisha matokeo ya jaribio kwa samaki wa bahari wa jamii ya kangaja, na waliowekewa kaboni walipata vidonda hivyo. Vumbi la kaboni laini ya makaa ya mawe lilikuwa baya zaidi kuliko punje ngumu. Jaribio moja halifungi mjadala, lakini linatosha kumfanya mwenye duka aoshe kaboni mpaka maji yatoke meupe kabla ya kuiweka, na achague punje ngumu zisizomomonyoka.

Na mkaa wa kupikia je? Ukiuponda na kuuweka tangini hautaua samaki siku hiyo. Utaleta majivu, ambayo hupandisha pH, utamomonyoka na kuziba pampu, na utaondoa rangi kidogo sana. Kuna jambo zito zaidi kuliko samaki. Wapo wanaouza mkaa uliopondwa, na hata kaboni halisi, kwa madai kwamba unayafanya maji ya kisima kuwa salama kunywa. Kaboni haiui vijidudu. Maji yenye kipindupindu yakipita kwenye kaboni yatatoka na ladha nzuri, yakiwa na kipindupindu chake. Yachemshwe au yatiwe dawa.

Mnunuzi apime vipi

Kiwandani ubora hupimwa kwa namba ya iodini, yaani miligramu za iodini zinazonaswa na gramu moja ya kaboni. Nzuri kwa maji huwa na 900 hadi 1,100. Mfanyabiashara anayenunua kwa jumla aidai namba hiyo kwa maandishi, pamoja na kiasi cha majivu na unyevu. Kaboni iliyolowa ni maji yaliyouzwa kwa bei ya kaboni. Aulize pia iliamilishwa kwa njia gani, kwa kuwa ile ya asidi ya fosfori isipooshwa vizuri huachia fosfeti, na fosfeti ni chakula cha ukungu wa kijani unaofunika vioo.

Asiye na maabara anaweza kufanya jaribio la chupa mbili. Chemsha majani ya chai, yapunguze makali mpaka yawe ya dhahabu, gawa sawa katika chupa mbili za kioo. Moja itie vijiko viwili vya kaboni iliyoponda na kuoshwa, nyingine vijiko viwili vya mkaa wa kupikia uliopondwa na kuoshwa vilevile. Tikisa mara kwa mara kwa saa kadhaa, acha itulie. Kaboni ya kweli itakuwa imefuta rangi au karibu yote. Dalili nyingine huonekana mara tu unapoitia kaboni kavu majini: hutoa vipovu na kuchachatika, hewa ikifukuzwa katika vishimo.

Jambo moja lisifanyiwe majaribio. Kaboni iliyokwisha kutumika kuchenjulia dhahabu isinunuliwe kwa ajili ya samaki wala maji ya kunywa, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa na hata ikiwa imeoshwa. Ilikaa ndani ya myeyusho wa sianidi, na pamoja na dhahabu hunasa shaba na zebaki.

Nani basi mteja mkubwa

Hapo tumemgusa mteja mkubwa mwenyewe. Tangu mgodi wa Homestake huko South Dakota, Marekani, ulipoanza kuitumia kwa kiwango kikubwa mwaka 1973, kaboni imekuwa kifaa cha kawaida cha kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, unatumia njia hiyo, na wachenjuaji wadogo wa kanda ya ziwa na Chunya wanaipeleka kaboni yao iliyoshiba kwenye mitambo ya kukamulia dhahabu. Biashara ya kaboni Tanzania inaongozwa na dhahabu, si na samaki.

Lakini dhahabu haitaki kaboni yoyote. Katika matangi ya mgodi kaboni huzungushwa na matope ya mawe yaliyosagwa saa 24. Kaboni laini hupondeka, na unga wake hutoka na mabaki ukiwa umebeba dhahabu. Ndiyo maana migodi hutaka kaboni ya vifuu vya nazi, ambayo ni ngumu na ina vishimo vidogo vinavyofaa. Mkaa wa miombo ya Kilosa, hata ukiamilishwa kwa ustadi, haushindani hapo. Mwenye vifuu ni mtu wa Pwani, Mafia, Tanga na Zanzibar.

Tupige hesabu kwa upande wa matangi ya samaki. Tuseme tangi moja linatumia nusu kilo kwa mwaka, na tuseme kwa ukarimu kwamba mjini kuna matangi 1,000 ambayo wenyewe wako tayari kuacha chapa za nje. Hiyo ni kilo 500 kwa mwaka mzima. Kwa kuwa mkaa hupungua kwa nusu au zaidi unapoamilishwa, chukua kilo 1,000 hadi 1,500 za mkaa: magunia 20 hadi 30 ya wastani. Soko zima la mwaka haliijazi lori moja. Kwa ajili ya soko hilo mwekezaji ajenge tanuru la nyuzi 900, birika la mvuke, mashine ya kuchekecha, alipie vipimo vya maabara na vifungashio. Hata kama kilo ingeuzwa kwa bei ya juu namna gani, mtambo ungelala siku 360 kwa mwaka.

Mambo yangebadilika kama mtambo ungepata wateja wa maji ya chupa, vinywaji na mafuta ya kula pamoja na samaki. Huo ni mradi wa mtaji mkubwa, na anayeuanzisha angeujenga karibu na vifuu na bandari, si Mikumi.

Kwa mkaa wa Kilosa fedha iko kwingine. Tangu 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo, Ihombwe na Ulaya Mbuyuni vikiwamo, vilianza kuvuna mkaa kwa mpango chini ya mradi ulioendeshwa na TFCG na MJUMITA kwa fedha za Uswisi. Msitu wa kijiji hugawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vingine vikakatwa na vya jirani vikaachwa, na kipande kilichokatwa hupewa takriban miaka 24 kuchipua tena kabla ya kurudiwa. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji. Mkaa wa namna hiyo una stakabadhi, na mnunuzi wa Dar es Salaam anayeogopa kukamatwa njiani anajua thamani ya karatasi hiyo kuliko picha yoyote ya samaki kwenye boksi.

Anayeletewa andiko la mradi wa kaboni ya matangi kutoka Vidunda au popote Kilosa aanze na maswali matatu: tanuru linafikia nyuzi ngapi, namba ya iodini ya sampuli ni ngapi na ilipimwa maabara gani, na ni wateja gani wameahidi kwa maandishi kununua tani ngapi. Kama swali la kwanza linajibiwa kwa kuelezwa aina ya mti, andiko lirudishwe kwa mwenyewe.